Dudumizi Asiye na Mkia

Wanangu, barua yenu imenifikia. Mnasema mmeanzisha kikundi cha kutazama ndege hapo shuleni, na kwamba vuli hii mtakwenda kushinda siku nzima kwenye msitu wa hifadhi kule vilimani Kisarawe. Mwalimu wenu amewaambia mumuulize Mzee Kondo, ndiye mimi, aliyekuwa mlinzi wa msitu ule tangu enzi za Mwingereza, awaandikie mawili matatu. Mmemalizia kwa maneno haya: tunataka hasa yale mazuri unayoyakumbuka. Hapo ndipo mliponiweza. Nimekaa na karatasi hii siku tatu, na kila zuri ninaloanza kuandika linanirudisha kwenye baya lile lile. Basi nitayaandika yote pamoja, nanyi mtachambua wenyewe kama mnavyochambua mchele.

Nianze na yanayofaa. Msivae nguo mpya, maana nguo mpya inakwaruza, na ndege ataisikia kabla ninyi hamjamwona. Tembeeni kwa kutanguliza ukingo wa mguu, si kisigino. Simameni jua likiwa mgongoni mwenu. Mkifika mahali penye kivuli msianze kutazama. Tulieni kwanza kwa muda wa kutafuna pingili mbili za muwa, mpaka ndege wasahau kwamba mmekuja. Na mkitaka kuona ndege wengi kwa mara moja, msitafute ndege, tafuteni siafu. Siafu wakitembea, wadudu wote wa chini hukimbia, na ndege wa msituni huja kula bila jasho. Mstari wa siafu ni karamu isiyohitaji mwaliko.

Lakini tazameni mnaposimama. Miaka yangu ya mwanzo alikuja Bwana mmoja mkubwa, mwenye soksi za kufika magotini, nikamwonyesha siafu nikasahau kumwonyesha kwamba amewakanyaga. Alivumilia kwa heshima ya cheo chake, halafu cheo kikamshinda. Alivua suruali mbele ya mke wake na rafiki za mke wake, huku akiruka kama mchezaji wa ngoma ya mdundiko. Chaurembo, mkubwa wangu wa kazi, aligeukia upande wa pili akanyoosha kidole juu akasema kwa sauti ya utulivu kwamba pale kuna ninga wawili. Wageni wote wakawatazama ninga mpaka Bwana alipokwisha kuvaa. Hiyo nayo ni kazi ya mlinzi wa msitu.

Huyu Chaurembo ndiye aliyenifundisha. Mimi nilianza kule Kibaha, kufyeka njia ya mpaka wa msitu wa serikali, kazi ya panga na jua, kisha nikahamishiwa Kisarawe kuwa chini yake. Alikuwa mkali, mwenye maneno machache na kikohozi kirefu. Mwaka mzima ulipita kabla sijagundua kwamba alikuwa haoni. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, naye alilificha jambo hilo kwa wakubwa kwa kuogopa kuachishwa kazi. Nilijua siku aliposimama mbele ya gogo akalidai kibali cha kuingia msituni. Gogo lilipokaa kimya, akalikemea kwa kiburi chake. Nilicheka nikaishia kukaa chini. Hakunisamehe mwezi mzima.

Kwa kuwa haoni, alikuwa na masikio ya watu watano. Alisema sauti ya ndege ina kichwa na mkia, na kwamba mjinga husikiliza kichwa. Mfano wake ulikuwa dudumizi. Mnamjua, au mmesikia wazee wakimtaja: ndege wa mabawa ya kahawia anayejificha vichakani, na watu husema akilia mvua iko karibu. Sauti yake ni ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, du-du-du-du-du, ikishuka upesi upesi kuelekea chini. Wengi huishia hapo. Lakini ukingoja, mwishoni kabisa sauti hupanda tena kidogo, kana kwamba kibuyu kimekaribia kujaa. Huko kupanda ndiko mkia. Chaurembo alisema dudumizi hakosi mkia. Mtoto anayemwigiza ndiye hukosa, kwa sababu pumzi humwishia.

Alikuwa pia na miiko yake. Msituni mtu hapigi kelele hata akiumwa na nge. Mti uliolowa haupandwi. Na mti wowote, mkavu au uliolowa, mtu haupandi peke yake. Alinisemesha miiko hiyo kila Jumatatu, mimi mtu mzima mwenye ndevu, mpaka nikawa naisema usingizini. Alipostaafu, au niseme alipogunduliwa, niliirithi pamoja na panga lake.

Sasa niwaambie habari za Mihambo.

Mihambo alikuwa Mnyamwezi. Alikuja mwambao kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Kibaha, mkonge ukamchoma mpaka akachoka, akaja kuomba kibarua cha kufyeka mpaka wetu. Alikuwa amesilimu akaitwa Ramadhani, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila shehe. Siku ya kwanza aliniuliza kabila langu. Nilipomjibu kwamba mimi ni Mzaramo, aliweka panga chini, akanishika bega, akatangaza mbele ya vibarua wote kwamba amempata mtumwa wake. Nami nikamjibu kwamba mpagazi haulizi njia kwa bwana wake. Tukacheka, na tangu hapo hatukusema neno la kawaida kwa miaka sita.

Ninyi vijana utani mnausikia harusini tu, kwa hiyo niwaeleze. Mtani wako akikutukana, hukasiriki. Akichukua kuku wako, ni wake. Nilimwambia kila siku kwamba shingo yake ni fupi kwa sababu babu yake, mpagazi, alibeba pembe za tembo za watu kutoka Unyamwezi mpaka pwani. Yeye aliniambia kwamba sisi Wazaramo tukisikia ngoma Maneromango tunaacha jembe limesimama shambani lenyewe. Na mtani ana kazi kwenye msiba. Akifa mtani wako, wewe ndiye unayemwigiza mbele ya waombolezaji, unatembea kama yeye, unasema kama yeye, unazuia jeneza njiani mpaka upewe chochote, watu wacheke katikati ya kilio. Usipofanya hivyo, watu husema umemtupa.

Mihambo akamwoa dada yangu Tatu, binti wa baba yangu mdogo, wa kijiji cha Masaki hapo hapo Kisarawe. Kwa hiyo akawa shemeji yangu juu ya kuwa mtani wangu, nikawa sina pa kumkimbilia. Tatu alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa kuficha mdomo na kanga. Aliniambia mara moja kwamba tukianza kutaniana, yeye hajui tena lipi ni la kweli na lipi ni la mchezo. Nilimjibu kwamba hata sisi hatujui. Nilidhani nimesema jambo la kuchekesha.

Mihambo alikuwa na kipaji. Aliweza kukunja viganja viwili pamoja, akapuliza katikati ya vidole gumba, akatoa sauti ya dudumizi ambayo Chaurembo mwenyewe asingetambua kwamba si ya ndege. Mkia wake alikuwa nao, tena alikuwa akiuvuta kwa madaha kidogo. Kwa kuwa msituni hatukuruhusiwa kupiga kelele, dudumizi akawa jina langu. Akinihitaji, alipuliza viganja, nami nilikwenda. Tabu yake ni kwamba mara nyingi nilipofika nilimkuta amekaa kwenye gogo, amenyoosha miguu, ananiambia alitaka kuona kama Mzaramo naye anaweza kukimbia. Mara moja alinipuliza nikiwa nimeanika mpunga nyumbani. Nikauanua wote kwa kuogopa mvua, na jua likawaka mpaka magharibi. Niliapa kwamba siku moja nitamlipizia mbele za watu.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa vuli, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Wageni walikuwa watatu, marafiki waliokuwa wakija kila mwaka vuli ikianza, maana ndipo ndege wa mbali hufika na wa hapa hujenga. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa kike, Mwingereza, kutoka Dar es Salaam, tuliyemwita Bibi Darubini, kwa sababu darubini haikutoka shingoni mwake hata akinywa chai. Alisema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, na kila alichokiona au kukisikia alikiandika kwenye daftari pamoja na saa yake. Wengine walikuwa mke na mume, watu wa taratibu. Mume alikuwa amejifunza huduma ya kwanza jeshini. Walifika kwa motokaa asubuhi, wakaiacha pembezoni mwa msitu. Walitaka kuona jambo moja hasa, kiota cha hondohondo.

Hondohondo ana desturi yake. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mdogo wa kupitisha mdomo. Hukaa humo gizani miezi, na dume humletea matunda na kumlisha kupitia ufa ule. Mihambo alikuwa amegundua tundu la namna hiyo juu ya mvule mmoja, lakini hakuwa na hakika kama limezibwa mwaka huo. Toka chini hapakuonekana vizuri. Wageni wangekaa siku moja tu, nami sikutaka niwatembeze mpaka pale halafu tukute tundu tupu. Nilikuwa nimeanza kusifiwa, wanangu. Bibi Darubini aliniambia ameandika jina langu kwenye barua kwa wakubwa. Sifa huingia mtu kichwani kuliko pombe ya mnazi.

Nikamvuta Mihambo pembeni, nikamwambia atangulie, apande achungulie, mimi nitawapeleka wageni kwenye siafu kwanza. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Alitazama juu, akajipangusa uso.

"Mti umelowa, Kondo."

"Mnyamwezi anaogopa mti? Babu yako alivuka mito saba na pembe ya tembo shingoni."

"Babu yangu hakupanda mvule." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kweli lakini. Umelowa."

"Kweli lakini," nikamwigiza, kwa sauti yake ile ya kuvuta. "Ukianguka usiniite. Nitakuja arobaini, nile ubwabwa."

Akanitazama. Macho yale nimeyakumbuka maisha yangu yote na mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Kisha akanipigia saluti ya mzaha, akafunga panga kiunoni, akaenda. Nilijua mwiko wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Nilikuwa nimeisema kila Jumatatu.

Siafu tuliwapata upesi, mahali pa bondeni penye kivuli kizito. Tulikaa hapo tukitazama. Walikuja ndege wa kila namna, na yule mdogo wa kifua cha manjano anayetembea chini kama panya, ambaye wageni walikuwa wamemtafuta miaka miwili. Mke na mume walishikana mikono kwa furaha. Ilikuwa asubuhi nzuri. Naliandika hilo kwa sababu mliomba mazuri.

Kama saa nne na robo, dudumizi akalia upande wa mvule. Nilimtambua Mihambo mara moja, kwa kuwa sauti ilianza chini mno, haikuwa na nguvu. Bibi Darubini akainua kichwa, akaniuliza kwa kunong'ona kama yule ni dudumizi. Hapo ndipo shetani aliponionyesha njia ya kulipiza mpunga wangu. Niliona jioni yote mbele yangu, tumekaa Masaki kwa Tatu, nami namwambia Mihambo kwamba ameandikwa kwenye daftari la Mwingereza kuwa ni ndege. Nikasema ndiyo, Bibi, ni dudumizi. Akaandika, na saa.

Akalia tena baada ya muda. Safari hii alishuka, akafika chini, akakoma. Mkia haukuwapo. Nilisikia kwamba haukuwapo. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikijua katika kazi yangu yote kuliko watu wengine. Nilisikia, nikajiambia mpagazi amezeeka, pumzi zimemwisha, ajipulizie mwenyewe. Nilitabasamu. Bibi Darubini aliandika.

Mara ya tatu zilikuwa sauti nne au tano tu, nyepesi. Bibi Darubini alishusha kalamu.

"Kondo, mbona huyu hakumalizia?"

"Ni mvivu, Bibi," nikamwambia. "Na ndege nao wana wavivu wao."

Wageni wakacheka kwa kuziba midomo, wasiwashtue ndege. Sikusikia tena kitu upande ule. Tulikaa mpaka siafu walipohama, tukala mayai ya kuchemsha na mkate, tukanywa chai ya chupa. Nilikunywa vikombe viwili. Kutoka pale mpaka kwenye mvule ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Nimeupima baadaye mara nyingi, kwa mguu wa kutembea na kwa mguu wa kukimbia.

Tulimkuta chini ya mti, amejikokota akaegemea shina. Ganda la mti lilikuwa limebanduka juu karibu na tundu, na tawi moja nene lilikuwa chini pamoja naye. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa umeingia ndani. Asingeweza kupiga kelele hata angetaka, na hata kama miiko yangu ingemruhusu. Lakini kupuliza viganja hakuhitaji pumzi nyingi. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa pamoja, imelala juu ya mapaja, vidole gumba viwili sambamba.

Yule mume alipiga magoti, akamshika shingo, akamfunua macho. Alisema kwa Kiingereza, na Bibi Darubini akanifasiria kwa sauti ndogo, kwamba amekufa, lakini si zamani, hata saa moja haijapita. Bado alikuwa na joto. Nilipomgusa mkono ulinyumbuka kama wa mtu aliyelala.

Tukiwa tumesimama pale, dume la hondohondo lilikuja. Mabawa yake yana kishindo, huwezi kutolisikia. Lilitua kwenye tundu juu ya vichwa vyetu, likatema tunda moja mdomoni, likalipitisha kwenye ufa, na mdomo wa ndani ukalipokea. Kisha la pili, na la tatu. Kiota kilikuwa kimezibwa. Bibi Darubini hakuinua darubini yake. Alikuwa akilia, na alidhani nami nalia kwa sababu ile ile.

Hakuunganisha mambo. Kwa nini aunganishe? Mimi ndiye mjuzi, nami nilikuwa nimemwambia ni ndege. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilivua shati, tukakata miti miwili, tukatengeneza machela, tukambeba mpaka Masaki, kusikopita motokaa, mimi mbele. Njia nzima nilikuwa nikisubiri aseme kwamba leo Mzaramo ndiye mpagazi.

Tatu alikuwa akitwanga. Mwanawe Saidi alikuwa mkekani, ndio kwanza anaanza kutambaa. Mama mtu alituona tukitokea kwenye mihogo, akashikilia mchi hewani bila kuushusha. Sitaandika kilio chake. Nitaandika alichoniuliza baadaye, wanawake walipokwisha kumkalisha na kumfunga kanga kiunoni. Aliniita karibu.

"Kaka Kondo. Hakuita?"

"Hakuita, dada. Alikufa papo hapo."

Akaitikia kwa kichwa. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa naogopa kwamba aliita akakosa mtu."

Tulimzika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Watu walikuwa wengi, wa Masaki na wa Kisarawe mjini, na vibarua wenzake wa mkonge waliotembea kutoka Kibaha tangu alfajiri. Jeneza lilipotoka mlangoni, wote wakanitazama. Nilisimama tu. Mjomba mmoja akanisukuma kwa kiwiko, akaninong'oneza kwamba watu wanangoja. Nikasikia sauti ya Tatu kutoka kwa wanawake, imekauka lakini haina hasira.

"Kondo, wewe ndiye mtani wake. Usimtupe."

Basi nikazuia jeneza. Nikatembea kwa shingo fupi kama anavyotembea. Nikapiga saluti yake ya mzaha. Nikadai kuku, nikasema mpagazi huyu hapiti mpaka nilipwe mzigo alioniachia. Watu wakaanza kucheka huku wakijifuta machozi, kama inavyotakiwa. Akapaza sauti kibarua mmoja wa mkonge kwamba nimpulize dudumizi, maana bila dudumizi huyo si Mihambo. Wakaitikia wote, mpulize, mpulize.

Nikakunja viganja. Nilishuka vizuri mpaka chini, na pumzi nilikuwa nazo, wanangu, nilikuwa na pumzi za kutosha. Mkia haukutoka. Nikarudia. Ukakatika pale pale. Watu walicheka zaidi kuliko wakati wote, wakidhani nimefanya makusudi. Wakasema Mzaramo ameshindwa na Mnyamwezi hata kaburini. Tatu naye alicheka, akaficha mdomo na kanga. Nikapewa kuku wangu.

Nilifanya kazi ile miaka mingi baada ya hapo. Nimepata vyeti. Nimefundisha walinzi wengi, na wote wananisifu kwa masikio. Sikumfundisha hata mmoja wao habari za mkia. Nilijiambia nitamwambia Tatu Saidi akikua, kisha Saidi akioa, kisha akizaliwa mjukuu. Kila Idi nilikwenda kwake na kitu mkononi, naye kila Idi alimshukuru Mungu mbele yangu kwamba mumewe hakuteseka. Huwezi kumnyang'anya mtu kitu kama hicho akiwa amekishika kwa mikono miwili. Hayo ndiyo niliyojisingizia. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Mwaka juzi tulimzika, nikaona nimepona. Sikupona. Nimebaki na jambo lisilo na wa kuambiwa, na nimegundua kwamba hilo ni zito zaidi.

Ndipo ikaja barua yenu, yenye mwandiko mzuri, na chini yake sahihi ya katibu wa kikundi, Zena Saidi Mihambo.

Zena, mjukuu wangu, najua ni wewe uliyemwambia mwalimu kwamba niulizwe mimi. Umekuwa ukiniamkia shikamoo babu tangu hujui kutamka vizuri, nami nakuitikia marahaba huku natazama viganja vyako. Kwenu mmeambiwa babu yako alikufa papo hapo. Maneno hayo nimeyatunga mimi. Babu yako aliita. Aliniita mara tatu kwa jina langu, nami nilikuwa karibu, nilisikia, nikamwambia mgeni kwamba ni ndege mvivu. Ukitaka wasomee wenzako barua hii. Usipotaka, wasomee nusu ya kwanza tu, ile ya siafu.

Mwaka ule ule, kabla ya kurudi kwao, Bibi Darubini aliniletea kwa posta orodha ya ndege wote wa siku ile, imepigwa taipu, niwe na ukumbusho. Imeandikwa ndege arobaini na mmoja. Wa thelathini ni dudumizi, amesikiwa mara tatu, hakuonekana, na mara ya tatu hakumalizia. Nimeitunza karatasi hiyo ndani ya sanduku mpaka imekuwa rangi ya chai. Nimeitia kwenye bahasha hii, itawafaa kulinganisha na mtakaowaona. Mstari wa dudumizi nimeukata kwa kalamu, na juu yake nimeandika jina la babu yako.